Skrini Moja ya Mzee Onchiri

Migori,
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Mama mdogo Liz,

Shikamoo. Huku nyumbani tunaendelea vizuri. Kikohozi cha Mama kimepungua tangu aache kuanika dagaa wa omena kando ya ile barabara ya vumbi, na mimi sina ninapoumwa. Je, goti lako limekubali sasa kupanda ngazi za duka? Mama anauliza kila siku, na anasema ukinywa dawa nusu atakuja Homa Bay mwenyewe kukunywesha iliyobaki.

Ulisema nikiwa na jambo nikuandikie, kwa sababu kwenye simu nasema "mmh" na "sawa" mpaka salio lako linaisha na hujajua nilitaka nini. Leo nina jambo.

Nimepata kazi. Bado si kazi kamili, najaribiwa mwezi huu wa pili mpaka uishe. Ni katika duka la kuchapa la Mzee Onchiri. Wanachapa kadi za harusi na vyeti vya watoto wa chekechea, lakini zaidi ni ratiba za mazishi. Kompyuta ya mzee ni ya zamani, na ndani yake kuna ratiba za miaka kumi na mitano. Programu anayoitumia haikubali kuingia kwenye kompyuta nyingine. Beverlyne, mke wa mwanawe, ana kompyuta mpya ya intaneti na ya kusafisha picha za marehemu. Kila mmoja alikuwa na meza yake, mzee karibu na dirisha na Beverlyne kule nyuma. Mimi nafagia, natoa nakala na kukunja karatasi.

Jumatano stima ilipotea. Iliporudi, ilirudi na nguvu nyingi na skrini ya Beverlyne ikatoa moshi. Sasa duka lina kompyuta mbili nzima na skrini moja. Mzee aliniita.

"Wewe umetoka shule juzi. Mlifundishwa kompyuta?"

Nikasema ndiyo. Nadhani nilisema moyoni, kwa sababu aliuliza tena.

"Basi nimesikia kuna kitu kinafanya kompyuta mbili zitumie skrini moja na kibodi moja. Kitafute wewe. Ukinichagulia kizuri, mwezi ukiisha unabaki hapa. Ukiniletea takataka, tutaagana vizuri, na nitakuandikia barua ya kukusifu kwa kufagia."

Beverlyne alicheka. Mimi sikujua kama huo ni mzaha.

Mama amesema nisipobaki hapo, nitaenda Macalder. Mjomba Masese anatafuta msichana wa kuwapikia wachimba dhahabu. Wako wanaume karibu thelathini na wote wanaongea kwa sauti kubwa. Mama hanilazimishi kwa ubaya, anasema tu kwamba msichana aliyemaliza shule hawezi kukaa akitazama ukuta. Lakini Mama mdogo, mimi hata kuita mhudumu wa hoteli nashindwa. Nitawaambiaje wanaume thelathini kwamba ugali umeisha?

Ijumaa nilienda duka la vifaa vya kompyuta. Muuzaji akanipa kisanduku, akasema, "Ndiyo hii, siste, usisumbuke." Nikaangalia picha kwenye boksi. Ilikuwa kompyuta moja na skrini mbili, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka. Nilitaka kumwambia. Badala yake nilisema asante, nikakirudisha juu ya meza na kutoka haraka nikasahau mwavuli wangu.

Tafadhali niambie nichague kipi.

Mwanao,
Mellen


Homa Bay,
Jumanne, 4 Februari 2025

Mellen wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, likitaka linapanda na lisipotaka tunabaki chini kuongea na wateja. Mwambie mama yako dawa nakunywa zote, na asinitishe. Watoto wazima. Mdogo ameng'oa jino na anamwonyesha kila anayepita.

Barua yako nimeisoma huku mezani kuna simu imefunguliwa tumbo. Ni ya nne wiki hii kuanguka ziwani. Mwenyewe anasimama hapo mlangoni, ananiita binti wa Kisii kwa Kijaluo, "Nyar Kisii, itapona?" Nikamwambia angoje, ninasoma habari za msichana aliyekimbia muuzaji akaacha mwavuli. Akacheka mpaka akasahau simu yake. Usikasirike. Kwa kweli nimekusifu, kwa sababu umeangalia picha kwenye boksi. Watu wazima wenye ndevu hawaangalii. Wananunua kisanduku cha kugawa picha, wanafika nyumbani, wanakuja kwangu wakilia.

Sasa sikiliza. Kitu mnachotaka ni swichi ya kushiriki skrini, kibodi na mausi. Ziko nyingi na zinafanana kama vifaranga. Usiulize jina wala rangi. Angalia matundu. Nenda nyuma ya kila kompyuta na uniandikie haya.

Tundu la skrini liko vipi? La buluu lenye vitundu vidogo vya pini, au jembamba bapa wanaloita HDMI? Kwenye skrini yenyewe, nyuma, kuna lipi? Kibodi ya mzee ina kichwa bapa cha USB, au kile cha mviringo cha zamani? Kutoka kompyuta moja hadi nyingine ni hatua ngapi? Halafu washa ile ya zamani bila kibodi uone inasema nini. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote.

Na mwavuli ufuate. Ni mwavuli wako.

Mama mdogo wako,
Liz


Migori,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Kwa Mama mdogo,

Shikamoo tena. Sisi hatujambo, na tunafurahi kusikia habari za jino. Mama amesema meno ya mbele yakitoka mapema mtoto atakuwa msemaji. Nilidhani ananisema mimi kwa mafumbo, lakini alikuwa anachambua mboga tu.

Nimefanya ulivyosema. Beverlyne alinishikia tochi nikalala chini ya meza. Ananiita "fundi" sasa, na akimwona mteja anamwambia, "Ngoja kidogo, fundi wetu yuko chini ya gari." Ni mtu mzuri. Ananipa nusu ya ndizi zake bila kuniuliza kama nataka, kwa hiyo silazimiki kujibu.

Kompyuta ya mzee ina tundu la buluu. Nimehesabu vitundu kumi na vitano. Ya Beverlyne ina HDMI peke yake. Skrini iliyobaki ni ya mzee na ina tundu la buluu tu. Kibodi na mausi vyote ni vya USB. Kompyuta ya Beverlyne tutaisogeza mpaka kwenye meza ya mzee kwa sababu skrini ni nzito na waya wake wa stima ni mfupi, haufiki soketi ya nyuma. Kwa hiyo zitakuwa hatua moja, au hata hakuna hatua.

Niliwasha ile ya zamani bila kibodi. Ikapiga kelele mara moja, ikaandika kwa Kiingereza kwamba haioni kibodi, na tena kwamba nibonyeze F1 ili kuendelea. Nimekaa nikiitazama. Inataka nibonyeze kwenye kibodi ambayo imesema haipo.

Mzee aliuliza, "Inasema nini?"

Beverlyne akajibu akiwa kule nyuma, akiwa ameangalia ukutani, "Inasema imemkosa mwenyewe." Mzee naye akacheka akiwa ameangalia dirisha. Wale wawili hutaniana hivyo, bila kutazamana.

Mwavuli sijaufuata.

Mwanao,
Mellen


Homa Bay,
Jumatatu, 10 Februari 2025
(ndani ya kifurushi)

Mellen,

Habari za huko nimezipata na nimezifurahia. Hapa tunapumua. Mvua imenyesha na ziwa limechafuka, kwa hiyo simu zinazoanguka wiki hii haziokolewi tena, nami nimepata nafasi.

Ndani ya kifurushi kuna vitu vitatu. Kwanza ni swichi yenyewe, ya kompyuta mbili. Ni ya tundu la buluu kwa sababu skrini yenu ni ya buluu, na skrini ndiyo inayoamua. Usidanganywe kununua ya HDMI kwa sababu ni mpya zaidi. Mtahangaika na vigeuzi kila upande. Pili ni kigeuzi kimoja kidogo cha kompyuta ya Beverlyne, kinachopokea HDMI na kuifanya buluu. Tatu ni kebo. Nimechagua fupi, maana kebo ndefu ikiwa hakuna kazi inakuwa wavu wa kunasa miguu ya wateja.

Kulikuwa na swichi nyingine ya bei ya chini na nzuri kuitazama. Nimeiacha. Ile ukihama kwenda kompyuta ya pili, ya kwanza inaona kibodi imeng'olewa, na hiyo ya mzee ikiwashwa hivyo itapiga kelele na kudai F1 mpaka Yesu arudi. Hii niliyokutumia inaidanganya kila kompyuta kwamba kibodi ni yake peke yake na hakuna aliyeigusa. Ndiyo maana nilikwambia uiwashe bila kibodi.

Zima zote kabla ya kuunganisha. Anza na skrini, kisha kibodi na mausi, kisha kompyuta moja moja. Ukibonyeza kitufe kuhama, skrini itakuwa giza kwa sekunde mbili tatu. Mwambie mzee mapema, asije akazimia.

Nikumbushe kumwambia mama yako kuwa mwanawe amechagua vizuri. Mimi nimetuma tu, matundu uliyahesabu wewe.

Mama mdogo wako,
Liz


Migori,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kwa Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo sitauliza habari nyingi kwa sababu nina haraka ya kukwambia: INAFANYA KAZI!

Nilisahau kumwambia mzee habari ya giza. Nilipobonyeza kitufe mara ya kwanza skrini ikazima, akasimama akashika kichwa.

"Ameua! Miaka kumi na mitano! Msichana ameua!"

Kisha picha ya Beverlyne ikatokea, ile ya maua anayoiweka, halafu nikabonyeza tena na ratiba za mzee zikarudi zote. Mzee akaketi polepole. Akaniambia nibonyeze tena. Nikabonyeza labda mara kumi. Mwishowe akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja, kama mtu anayeamsha mtoto, na kila picha ikitokea anasema, "Haya!"

Mteja mmoja aliyekuja kupiga chapa barua ya chifu akauliza ni televisheni gani hiyo yenye chaneli mbili. Mzee akamjibu, "Hiyo imechaguliwa na huyu hapa," akanionyesha kwa kidevu. Nilitazama chini lakini nilisikia.

Nimefurahi sana, Mama mdogo. Zimebaki wiki mbili tu mwezi uishe. Mama ameshamwambia Mjomba Masese asubiri kidogo.

Kazi inaenda hivi. Mzee anachapa maneno upande wake, kisha anaondoka, anasimama nje kuongea na watu, na Beverlyne anakuja kusafisha picha upande wake. Yeye anapenda kufanya kazi akiwa amesimama. Anainama pale kama mtu anayepampu baiskeli. Nadhani amezoea hivyo, au kiti ni cha chini. Nitaangalia nitakavyomsaidia.

Asante kwa yote. Mwavuli nimeufuata! Sikusema lolote, niliingia nikauchukua, nikatoka. Nadhani muuzaji alidhani namwibia.

Mwanao mwenye furaha,
Mellen


Homa Bay,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mellen,

Wazima huko? Wiki nzima kimya. Mama yako nilimpigia akasema unakula kidogo, unarudi kutoka kazini macho yamevimba, na ukiulizwa unasema "mmh". Kama swichi imekufa niambie, nitaituma nyingine kesho, si msiba. Kama ni kigeuzi, kigeuzi ni kitu kidogo. Kama ni mtu amekusumbua hapo dukani, niandikie jina lake, nami goti litapona siku hiyo hiyo.

Mama mdogo wako anayekungoja,
Liz


Migori,
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kwa Mama mdogo,

Shikamoo. Naandika kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Sisi wazima wa mwili. Samahani kwa kunyamaza.

Swichi haijafa. Inafanya kazi vizuri kuliko sisi wote. Lakini nimeharibu duka na sijui nimeliharibu vipi.

Jumatatu Beverlyne alikuwa na picha saba za familia moja kutoka Kegonga. Alikuwa amesimama tangu saa mbili asubuhi, ameinama pale, mara anashika kiuno. Nilimwonea huruma. Mzee alikuwa nje. Kwa hiyo nikachukua kiti cha mzee, kile chenye mto wa kitenge, nikakisukuma polepole mpaka kikamgusa nyuma ya magoti. Hakutarajia, akakikalia. Nilidhani nimefanya wema.

Mzee akaingia wakati huo huo. Akasimama mlangoni. Alikohoa, akageuka akaondoka, na hakurudi mpaka tulipofunga. Beverlyne aliruka kutoka kwenye kiti kama amekalia moto. Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Hakuna kitu, Mellen. Si kosa lako." Akachukua mkoba wake, na picha zilikuwa bado nne.

Tangu Jumanne hajaja. Mzee anakuja lakini hakalii kiti chake. Anaketi kwenye kreti la soda karibu na mlango na hagusi kibodi. Nikiuliza kama nimletee kiti anasema, "Acha kilipo." Watu wawili wamekuja kuchukua ratiba tukawaambia warudi, na mmoja alizungumza kwa hasira, kwa sababu mazishi hayangoji. Mimi nimejaribu kumaliza kazi lakini sijui wanavyotaka na siwezi kuuliza mtu aliyeketi kwenye kreti.

Nadhani wanaona swichi ndiyo imeleta shida na wanashindwa kuniambia. Labda mzee hakupenda kompyuta ya Beverlyne iwe mezani kwake. Ijumaa ijayo ni tarehe ishirini na nane. Mama amekunja blanketi moja na kuliweka kwenye begi la Macalder. Hajasema kitu, nimeliona tu.

Nimechagua vibaya?

Mwanao,
Mellen


Homa Bay,
Jumapili, 23 Februari 2025

Mwanangu Mellen,

Keti chini. Nakusalimu kwa mikono miwili, na nianze na jibu: hukuchagua vibaya.

Barua yako niliipata jana jioni. Niliisoma, nikacheka, kisha nikajionea haya kwa kucheka. Wewe umelelewa Migori mjini na mama peke yake, hukukaa na babu zako Kisii, na hakuna aliyekwambia. Unajua mke wa mtu hampi baba mkwe mkono kumsalimu. Hilo umeliona. Lakini ni zaidi ya mkono. Kwetu tunaiita chinsoni, yaani haya na heshima kati ya mkwe na mkwe. Yule mzee haingii chumba cha mwanawe. Beverlyne naye hakalii mahali baba mkwe wake anapokalia, hasa kiti chake mwenyewe chenye mto wake. Wengine siku hizi hawajali. Hao wawili wanajali. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na meza yake, mmoja dirishani na mwingine kule nyuma. Ndiyo maana wanataniana wakiangalia ukuta na dirisha.

Sisi tukawaleta kwenye meza moja na kiti kimoja. Beverlyne akaona afadhali asimame. Hakuwa amezoea, alikuwa anavumilia. Na wewe kwa huruma yako ukamkalisha.

Kosa ni langu pia. Uliniandikia kuwa anasimama. Nilisoma, macho yakaruka kwenda kwenye mambo ya kebo. Nilikuuliza matundu ya namna gani, nikakuuliza hatua ngapi. Sikuuliza wanaozitumia ni watu gani.

Usimwombe mzee msamaha kwa mdomo. Jambo la namna hiyo likitajwa ndipo linakuwa kubwa, na utawaaibisha wote wawili mbele ya mtoto kama wewe. Usimwambie pia Beverlyne arudi tu akae. Inatakiwa liishe bila mtu kuambiwa amekosa. Ninayo skrini moja iliyopasuka kona. Nikipata mtu wa kunibebea nitaituma, labda wiki mbili zijazo. Vumilia mpaka hapo, na mweleze mama yako afungue hilo begi.

Mama mdogo wako anayekupenda,
Liz


Migori,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Kwa Mama mdogo Liz,

Shikamoo. Mama ni mzima na anaimba jikoni. Kuhusu goti, nimeambiwa umepanda ngazi mara mbili kwa siku moja. Pole na hongera.

Usitume skrini. Mwuzie mtu mwingine.

Barua yako ilifika Jumatatu saa nne. Niliisoma nimesimama kule nyuma kwenye meza tupu ya Beverlyne, nikaisoma tena. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Kisha nikafikiria zile wiki mbili ulizosema nivumilie. Baada ya wiki mbili mimi ningekuwa Macalder, na wateja wangekuwa kwa mchapaji mwingine. Nikaangalia kile kiti. Mzee hawezi kukikalia kwa sababu Beverlyne amekikalia. Beverlyne hawezi kukikalia kwa sababu ni cha mzee. Kimekaa tu katikati ya duka kama mgonjwa. Nikawaza, ni nani hapa anaweza kukaa pale bila kumvunjia mtu heshima? Mimi si mkwe wa mtu.

Nilikwenda mpaka kwenye kreti. Nikashika ufagio kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mzee, naomba kile kiti kiwe changu."

Akainua kichwa. "Nini?"

Nikasema tena, kwa sauti ambayo mtu wa nje aliisikia kwa sababu aligeuka. "Naomba kiti kiwe changu. Na kibodi. Mimi nikae pale, nichape pande zote mbili. Wewe uniambie maneno ukiwa hapa, na mwenye picha aniambie za picha akiwa kule nyuma kwenye meza yake. Mimi nitabonyeza kitufe."

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mellen," akasema, "umekaa hapa wiki nne. Sijakusikia ukiomba hata maji. Siku unafungua mdomo, unaomba kiti changu?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Akaanza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitingishika, kisha akajipangusa macho kwa kofia. Akasema, "Na mto wake pia unataka?"

"Mto uchukue, mzee."

Hapo alicheka kweli. Akanyanyuka mwenyewe, akautoa mto wa kitenge, akaupiga vumbi akautia kwapani. Hakusema sababu wala mimi sikuitaja. Akatoka na kunipungia mkono kama mtu anayekwenda safari. Baada ya saa moja alirudi na kiti cha plastiki cha kijani, akakiweka pale kreti lilipokuwa.

Jioni ile ile mkewe, Mama Nyasuguta, alikwenda kwa Beverlyne. Walichozungumza sijui. Jumanne asubuhi nilimkuta Beverlyne mlangoni kabla yangu, ana ndizi.

"Fundi," akaniambia, "nasikia umepindua serikali."

Nikamwambia, "Samahani kwa ile siku."

Akaweka kidole mdomoni, akanipa ndizi. Nilielewa. Kisha akaenda kuketi kule nyuma kwenye meza yake, kwenye kiti chake, akashusha pumzi ndefu sana, akavua viatu.

Sasa tunafanya kazi hivi. Mzee anakaa kwenye kiti cha kijani karibu na mlango, miwani puani, anasoma jina la marehemu, watoto, wajukuu, nyimbo. Mimi nachapa. Nikimaliza nabonyeza, giza linakuja na kuondoka, na Beverlyne ananiambia kutoka kule nyuma, maana skrini tumeielekeza kwake, "Ongeza mwanga usoni. Hapana, umemfanya mzungu. Punguza." Mzee anasema akiangalia barabara, "Huyo namjua, alikuwa mweusi kuliko hapo." Beverlyne anauambia ukuta, "Basi fundi, mpunguze mpaka anayemjua aridhike." Wote wawili wanacheka na mimi niko katikati, ninaongea. Sina njia nyingine. Usipoongea hapo kazi haiendi. Jana nilimwambia mteja kwamba picha yake ina ukungu na alete nyingine. Nilimwambia mimi mwenyewe, na akaenda akaileta.

Ratiba zilizochelewa tumezimaliza zote. Yule mtu wa hasira amekuja kuchukua yake, akaisoma yote amesimama, akanishika mkono akasema asante mama. Mimi, mama!

Kesho ndiyo tarehe ishirini na nane. Leo saa sita nilimwuliza mzee kama nije Jumapili baada ya Sabato au tuagane kesho. Aliniangalia kama nimeuliza upuuzi. "Ukiondoka nani atakaa pale?" akasema. "Mimi siwezi. Yule wa nyuma hawezi. Au unataka tumweke mteja?" Nilipofika nyumbani saa ya chakula Mama alikuwa ameshalitoa blanketi kwenye begi na kulianika nje. Ni Beverlyne aliyempitia sokoni akamwambia kabla yangu.

Nina mengi ya kuandika, lakini kuna mjane ameingia sasa hivi, ana picha ya pasipoti ya mumewe imekunjwa mara nne. Mzee ameshaanza kuniita na Beverlyne pia ananiita.

Niko kazini.

Mwanao,
Mellen